Bustani ya Vipepeo Nyuma ya Bafu

Niliolewa Mlandizi nikitokea Masaki ya Kisarawe, miaka michache baada ya ile vita kubwa ya pili kwisha, Mwingereza akiwa bado anatawala na kitambaa cha dukani kikiwa bado kinapatikana kwa kubahatisha. Shangazi yangu na somo yangu aliyenifunda walinisindikiza. Tulipanda gari moshi Pugu, tukashuka Ruvu, na kutoka pale tukatembea kwa miguu mpaka kwa mume wangu, mizigo kichwani, nami nachechemea kwa viatu vipya ambavyo shangazi alinikataza kuvivua.

Nilikuwa nimefunikwa kanga, sikuruhusiwa kuinua uso. Kwa hiyo kitu cha kwanza nilichokiona cha nyumba ile kilikuwa ardhi yake. Uwanja ulifagiwa ukafagilika. Mistari ya fagio la chelewa ilionekana kama kichwa kilichotoka kuchanwa, na hapakuwa na jani, wala unyasi, wala ganda la muhogo. Ungedondosha punje moja ya mchele ungeiona ukiwa mlangoni. Nikasema moyoni kwamba mwenye uwanja huu si mtu wa mchezo.

Mwenye uwanja alikuwa mama mkwe wangu. Alikuwa mrefu, mkavu wa mwili, mjane, na mkunga. Watu walimfuata kutoka mbali, na wanawake wengi wa pale Mlandizi walikuwa wamejifungulia mikononi mwake. Alizungumza kwa maneno machache kama mtu anayeogopa yatamwishia. Hakuwa mkali kwangu. Alinifundisha mahali pa kuchota maji, akanionyesha jinsi mwanawe alivyopenda mchuzi wake, na asubuhi nilipomwamkia shikamoo aliitikia marahaba na kuniuliza kama nimelala vizuri. Lakini kila alfajiri, kabla ya kitu chochote, alishika fagio akafagia uwanja na uani, akizunguka nyumba nzima, na mmea wowote uliothubutu kuchomoza usiku ule uling'olewa.

Mimi nilikulia mahali tofauti kabisa. Kule Masaki nyumba yetu ilikuwa katikati ya mikorosho na mindimu, na bibi yangu mzaa baba aliacha kila kitu kiote kinavyotaka. Mrehani uliota mlangoni, maboga yalitambaa mpaka kwenye paa la jiko. Vipepeo walikuwa wengi kiasi kwamba hatukuwa tukiwaangalia. Msimu wa mabibo, yale yaliyodondoka yakaanza kuchachuka, walikuja vipepeo wakubwa wenye mikia, mabawa yao ya kahawia kwa nje na ya kung'aa kwa ndani, wakanywa ule mchuzi mpaka ukaweza kuwaokota kwa vidole viwili bila wao kujali. Bibi aliwaita walevi. Alisema ni walevi pekee waliosamehewa katika nyumba ile, kwa kuwa hawajui sheria.

Mlandizi niliwaona wakipita juu tu. Walitokea upande wa mto, wakavuka uwanja wetu mweupe bila kushuka, kama watu wanaopita mbele ya nyumba iliyohamwa. Sikuwa mtu wa kulia, lakini mwezi wa pili wa ndoa nilikuwa nikisimama uani na ndoo mkononi, nikiwatazama mpaka wapotee, na mume wangu akaniuliza nina nini.

Nikamwambia ukweli kwamba nawakumbuka vipepeo wa kwetu. Nilitegemea angecheka, na kweli alicheka, kisha akanieleza jambo ambalo sikulijua. Mama yake alipokuwa mdogo alikuwa na mdogo wake wa kike waliyekuwa wakicheza pamoja nyuma ya nyumba ya baba yao, kwenye majani. Yule mdogo aligongwa na nyoka, akafa siku ileile kabla ya jua kuchwa. Tangu alipopata nyumba yake mwenyewe, mama yake hakuacha jani liote karibu na ukuta.

Baada ya hapo nililiona lile fagio kwa macho mengine. Lakini hamu haikuniisha. Niliwaza siku nyingi, na siku moja tukiwa tunapeta mpunga, nikajikaza.

"Mama, naomba mahali padogo nipande mndimu."

"Wapi?"

"Nyuma ya bafu, pale maji ya kuogea yanapotokea. Na maua kidogo."

Hakuinua macho kwenye ungo. Alipeta, akapuliza makapi, akapeta tena.

"Hatua sita," alisema. "Na niione ardhi. Siku nikipita nikashindwa kuiona ardhi, nang'oa."

Kwa hiyo bustani yangu ilianza kwa sharti, na sharti lenyewe ndilo lililoipa sura yake. Baba yangu alipokuja kunitazama aliniletea mche wa mndimu ndani ya kopo, umefika magotini tayari. Mke wa mwenye duka, Mhindi, aliyekuwa na maua ya rangi ya chungwa mbele ya duka lake na kuyatunga mashada siku zao za sikukuu, alinipa vichwa viwili vilivyokauka, na ndani yake mbegu zilijaa kama vijiti vyeusi. Kando ya barabara nilikata matawi ya kile kichaka chenye vijiua vya rangi mbili katika shada moja, njano na nyekundu hafifu. Na yale magugu marefu yenye utomvu mweupe, ambayo kila mtu huyang'oa, nikayaacha mashina mawili. Mimea yote niliipa nafasi, nikakata matawi ya chini, na kila asubuhi nikafagia katikati yake, ili mtu akisimama popote aione ardhi.

Wageni wa kwanza hawakujali maua. Walikuja kwa maji. Pale maji ya kuogea yaliponywea mchangani palikuwa na unyevu siku zote, na vipepeo wadogo weupe na wa manjano wakaanza kutua pale, wamesimamisha mabawa, wamejipanga karibu karibu, wakinywa. Siku moja mama mkwe alitoka bafuni na kata mkononi, akawakanyagia karibu, wakaruka wote kwa pamoja wakamzunguka. Alisimama hivyo mpaka wakashuka tena. Jioni tukiwa tunakula akauliza, kama mtu anayeuliza bei ya chumvi:

"Wale wanakunywa nini pale? Maji ya sabuni?"

Nilimwambia nadhani wanatafuta chumvi ya ardhi, kama mbuzi anavyolamba ukuta. Akalifikiria hilo, akaendelea kula.

Masika ilipoanza, mndimu ukashamiri majani mapya, na hapo akaja yule niliyekuwa nikimngoja. Ni kipepeo mkubwa, mweusi mwenye madoa ya manjano, na anapotaka kutaga huwa hatulii. Anapepea juu ya majani, anagusa jani hili kwa ncha ya mkia, anagusa lile, na kila anapogusa anaacha yai moja, dogo kama punje ya uwele. Niliyahesabu mpaka tisa.

Sikumwambia mtu. Watoto wake wanapotoka hawana sura ya kupendeza. Kwanza wanafanana na kinyesi cha ndege, na ndiyo salama yao, maana ndege hawawatamani. Wakikua wanageuka kijani, wanene, na wanakula bila kupumzika. Mndimu wangu ukaanza kuonekana kama umepitiwa na mbuzi.

Mama mkwe aliona. Hapakuwa na kitu uani kwake asichokiona. Aliniita, akaninyooshea kwa kijiti cha fagio kiwavi kimoja kilichokuwa kimetulia juu ya tawi, na katika kunyoosha akakigusa. Kiwavi kikainua kichwa, kikachomoa pembe mbili laini za rangi ya chungwa ambazo sekunde iliyotangulia hazikuwepo, na harufu kali ya ndimu iliyooza ikatujia. Mama mkwe wangu, ambaye watu walisema aliwahi kumzalisha mwanamke njiani huku fisi wakilia karibu, aliruka nyuma hatua mbili.

Aliposhika tena pumzi yake aliniambia nivitoe vyote nikavitie motoni.

"Mama, nakuomba wiki mbili."

"Kwa nini?"

"Hawa ndio wale. Hawa ndio wanaokuwa vipepeo."

Alinitazama usoni kuona kama namfanyia mzaha. Nikamweleza kwamba bibi yangu alinionyesha tangu nikiwa mdogo, kwamba kiwavi anajifungia, anakaa kimya, kisha anatoka akiwa na mabawa. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kwamba yeye ameona vitu vingi vikizaliwa, na kila kilichozaliwa kilifanana na mzazi wake. Lakini hakurudia neno la moto. Alisema nina mpaka Ijumaa.

Nadhani sijawahi kuingoja Ijumaa kwa hofu kama ile. Alhamisi viwavi wakubwa wawili waliacha kula. Mmoja alitambaa akapanda ukuta wa makuti wa bafu, akazunguka, akasimama, na nilipoamka asubuhi ya Ijumaa alikuwa amekwisha kugeuka. Alikuwa kifuko cha kijani, kimesimama wima, mkia umeshikamana na kuti, na katikati ya mwili umepita uzi mwembamba sana uliomshikilia asidondoke. Nikamwita mama mkwe kabla hajaanza kufagia.

Aliinama. Alikaa ameinama muda mrefu, mikono nyuma, kama alivyozoea kumtazama mtoto mchanga asiyelia.

"Amejifunga mbeleko," alisema.

Ndivyo hasa ilivyokuwa. Ule uzi ulimpita mgongoni kama mbeleko inavyompita mtoto. Sikuwahi kuuona hivyo, pamoja na kukulia kwenye mindimu. Mama mkwe akaondoka, akachukua fagio lake, na siku ile alifagia mpaka kwenye ukuta wa bafu, akaacha kiasi cha hatua moja bila kugusa.

Natamani niseme kwamba kipepeo yule alitoka tukamwona sote. Hakutoka. Baada ya siku kadhaa kifuko kilitoboka tundu dogo ubavuni, na ndani yake wakatoka vinyigu vidogo vidogo, ambao walikuwa wamemla yule mwenyewe akiwa hai. Niliona aibu kama niliyedanganya. Mama mkwe alikichukua kile kifuko kitupu, akakiweka kiganjani, akakigeuza.

"Wengine hawafiki," alisema, kwa sauti aliyokuwa akiitumia kwa wanawake waliopoteza mimba. Kisha akaniuliza kama wako wengine. Nikamwonyesha wawili, mmoja mwingine ukutani na mmoja kwenye shina la mndimu. Akasema tuwaache.

Wakati huo mimi mwenyewe nilikuwa na mimba ya miezi saba, na mimba ya kwanza kwa desturi yetu mtu huenda kujifungulia kwao. Desturi hiyo mama mkwe aliijua kuliko mimi, wala asingeivunja, lakini ilimchoma. Hakuniambia mimi. Alimwambia mwanawe kwamba yeye amezalisha nusu ya Mlandizi, na mkwe wake mwenyewe anakwenda kuzalishwa na watu wengine. Mume wangu alinieleza usiku wa kuamkia safari.

Asubuhi alinisindikiza mpaka barabarani, amenibebea mfuko wangu. Pale aliponikabidhi alinigusa tumbo mara moja, akaniambia nisinyanyue mizigo kwenye gari moshi. Halafu akasema, "Uani usiwe na wasiwasi. Nitafagia mimi."

Njia nzima mpaka Pugu neno lile lilinikaa kama mwiba. Alilisema kwa wema, nilijua, lakini nilijua pia fagio lake lilivyo. Niliuona mndimu uking'olewa, maua ya chungwa yakitupwa shimoni, na mchanga uliochanwa vizuri mpaka kwenye ukuta wa bafu.

Nilijifungua Masaki mtoto wa kike, salama, mchana, mvua ikinyesha. Nililelewa na mama yangu siku arobaini, kisha nikakaa zaidi, maana baba hakutaka kuniachia haraka. Kwa jumla nilikaa mbali na Mlandizi miezi minne. Pale kwetu vipepeo walikuwapo tele, hata walevi wa mabibo walikuja, na nilikuwa nikikaa nao na mtoto mapajani. Bibi alikuwa amezeeka sana. Nilimsimulia habari za bustani ya hatua sita, na yeye akauliza jambo moja tu: kama mama mkwe wangu ni mtu wa subira. Nilimjibu kwamba sijui.

Mume wangu alipokuja kutuchukua alikuwa na tabasamu ambalo hakutaka kulieleza. Nilimwuliza habari za nyumbani, akasema wote wazima. Nilimwuliza habari za uani, akasema mpunga mwaka huu umekubali. Nikamwuliza tena tukiwa ndani ya gari moshi, akageukia dirishani.

Tulipofika, mama mkwe alimpokea mtoto kabla hajanipokea mimi. Akamlaza kwenye mkeka, akamfunua, akamkagua kama fundi anavyoikagua kazi ya fundi mwingine. Alipapasa utosi, akatazama kitovu, akanyoosha miguu, akahesabu vidole. Sote tulingoja.

"Wamefanya kazi nzuri," alisema.

Kisha akambeba mtoto begani, akaniambia nimfuate.

Nyuma ya bafu palikuwa na uzio wa mabua, umefika kifuani, na mlango mdogo. Hatua sita zilikuwa zimekuwa kama ishirini. Mndimu wangu ulikuwa umechipua upya, na kando yake ulikuwapo wa pili, mkubwa kidogo, umezungushiwa mawe. Maua ya chungwa yalijaa safu nzima. Vile vichaka vya rangi mbili vilikuwa vimepunguzwa matawi ya chini mpaka vikafanana na miavuli. Na chini ya kila mmea, kuzunguka kila shina, ardhi ilikuwa imefagiwa, mistari imenyooka.

Nilisimama pale mlangoni nikashindwa kuingia. Mama mkwe akaniambia uzio ni kwa ajili ya kuku wa jirani, ambao wanakula viwavi. Alimwambia jirani mara mbili, akaona kukata mabua ni rahisi kuliko kugombana.

Yaliyotokea alinisimulia polepole, jioni ile na siku zilizofuata, kwa maneno mengi kuliko niliyowahi kumsikia akisema. Asubuhi ya tatu baada ya mimi kuondoka alikwenda kuoga, akaona kile kifuko cha ukutani kimegeuka cheusi, na ndani yake rangi ya manjano inaonekana kama kitu kilicho nyuma ya kitambaa chepesi. Akaketi. Alikuwa ameacha uji jikoni, uji ukaungua. Kifuko kikapasuka juu, akatoka mdudu aliyelowa, mabawa yamekunjamana kama kanga iliyokamuliwa. Mume wangu alifuata harufu ya uji ulioungua, akamkuta mama yake ameketi chini mbele ya bafu, na alipoona yule mdudu anahangaika na mguu mmoja umenasa akataka kumsaidia kwa kijiti.

"Nilimpiga mkono," mama mkwe alinieleza. "Nikamwambia usivute. Anayetoka mwenyewe havutwi. Ukimvuta unamwua."

Mdudu akajinasua. Akapanda kuti, akaning'inia, na mabawa yakaanza kujaa kidogo kidogo, mkunjo mmoja ukifunguka baada ya mwingine, mpaka yakanyooka. Kisha akakaa tu, akikauka. Mama mkwe naye akakaa. Jua lilikuwa limeshapanda vizuri kipepeo alipofumba na kufumbua mabawa mara mbili, akaruka mpaka kwenye paa, na kutoka paani akaelekea mtoni.

"Nikalia," alisema. "Sijui kwa nini. Nimeona watoto wangapi mimi?"

Aliposema hivyo alikuwa akimfunga mtoto wangu mgongoni.

Tangu hapo bustani haikuwa yangu tena, ilikuwa yetu, na kusema kweli ilikuwa yake zaidi. Aliyekuja kumwita mkunga alionyeshwa vipepeo pia. Wanawake wenye mimba waliketi pale kwenye kivuli wakimngoja amalize kufagia. Wale wenye michungwa michanga kwao, badala ya kuwaponda viwavi, walituletea wakiwa wamefungwa kwenye majani. Wakisimama mlangoni walipiga hodi na kusema, "Mama, tumekuletea wageni wako." Naye aliwapokea, akawahamishia kwenye mndimu ule wa kwanza, mmoja mmoja, bila kuruka nyuma.

Alijifunza mambo ambayo mimi sikuyajua. Aligundua kwamba wale vipepeo wa rangi ya kahawia iliyokolea, wenye ncha nyeusi na nyeupe, hawataki ndimu kabisa, watoto wao wanakula yale magugu ya utomvu mweupe tu, na kwamba ndege huwaacha. Akayaongeza magugu yakawa safu, na majirani wakadhani ameanza kupotewa na akili. Msimu wa mabibo ulipofika nikamsimulia habari za walevi wa kwetu. Alisikitika kidogo kwa ajili ya dini, kisha akaagiza mabibo yaliyopasuka kwa mtu wa upande wa pili wa barabara, akayapanga juu ya ungo mkuukuu, mbali na nyumba. Walikuja siku ya pili.

Bwana shamba alipita mwaka uliofuata. Alikuwa kijana wa bara, mwenye heshima, ana baiskeli na bomba la dawa mgongoni, anatembelea mashamba ya mpunga na pamba. Aliomba maji, na katika kunywa akauona mndimu. Akashtuka. Akatueleza, kwa upole kabisa, kwamba wale viwavi ni adui wa michungwa, kwamba dawa anayo, na kwamba hatatuchelewesha. Akaanza kushusha bomba.

Mama mkwe alikwenda akasimama mbele ya mndimu, akatandaza kanga yake kwa mikono miwili.

"Mwanangu," alisema, "mindimu hapa iko miwili. Ule kule ni wa watu, umeona unavyozaa. Huu ni wa hawa."

Bwana shamba akamwambia kwamba wadudu watasambaa kwa majirani. Mama mkwe akamjibu kwamba ni majirani ndio wanaowaleta kwake, na michungwa yao tangu hapo imepona. Kama hasadiki, mlango wa pili uko pale, aende akaulize. Yule kijana alikwenda kweli. Alirudi anacheka, ameacha bomba kwenye baiskeli, akaomba aonyeshwe kifuko. Mama mkwe akamwonyesha ile mbeleko. Alikaa kwetu mpaka alasiri, akala wali, na alipoondoka akasema kwamba shuleni walifundishwa viwavi kwa picha ya ubaoni, lakini hakuna aliyewaambia kwamba unaweza kuwapa mti wao.

Jambo la mwisho nitakalolisimulia ni la harusi ya Kwala. Binti wa ndugu mwingine wa kike wa mama mkwe alikuwa anaolewa, na sisi tulitakiwa tuwe kule asubuhi na mapema, maana mama mkwe ndiye aliyekuwa mkubwa wa upande ule. Tulikuwa tumeshavaa. Mume wangu alikuwa barabarani tayari, na mimi nina mtoto mgongoni na wa pili tumboni. Mama mkwe akasema anakwenda kuchungulia uani mara moja. Hakurudi. Nilipomfuata nikamkuta ameketi na nguo zake za harusi. Vifuko kumi na moja, kwenye mndimu na kwenye ukuta wa bafu, vilikuwa vimegeuka vyeusi.

Nilimkumbusha kwamba tunangojewa. Akasema anajua. Nikamwambia watasemaje. Akasema watasema tumechelewa, na itakuwa kweli. Basi nami nikaketi, na mume wangu alipochoka kusimama akarudi akaketi. Walitoka wote kumi na moja. Wa mwisho alitutesa. Wenzake walishakauka, wawili walishaondoka, yeye bado anajaribu mguu mmoja mmoja. Mwanangu alikuwa ameshushwa chini, anawanyooshea kidole na kusema neno ambalo yeye peke yake ndiye aliyelijua. Walipoanza kuruka waliruka kwa kufuatana, na kwa muda mfupi wanane kati yao walikuwa juu ya maua ya chungwa kwa pamoja, na sisi katikati yao.

Tulifika Kwala adhuhuri imeshaswaliwa. Ndugu yake alikuwa amekasirika, na alikuwa na haki. Akamwuliza mbele ya wanawake wote ni kitu gani kilichomshinda kuja kumwoza mtoto. Mama mkwe hakutafuta uongo. Alieleza kila kitu, kuanzia vifuko vyeusi mpaka yule wa mwisho. Wanawake wakacheka, halafu mmoja akauliza wanatokaje, wanatoka na mabawa tayari? Akaanza kuwaeleza kwa mikono, akaona haitoshi.

Ngoma ilikuwa inalia. Akaingia katikati, mwanamke yule mrefu niliyemwogopa siku ya kwanza, akajikunja mpaka karibu na ardhi, amejifunika kanga kichwani. Akakaa hivyo, mabega yakifuata ngoma kidogo tu. Kisha akaanza kuinuka polepole, kanga ikiteremka, mikono ikifunguka, pembe mbili za kanga zikinyooka kila upande, mpaka akasimama wima na kuzungusha. Bibi harusi alikuwa wa kwanza kuinuka kumfuata. Ndugu yake alifuata, hasira yote imemtoka. Mimi niliingia na tumbo langu, nikajikunja kadiri nilivyoweza, na tulicheza hivyo, safu nzima ya wanawake tukiinuka na kanga zetu, mpaka wapiga ngoma wakaomba wapumzike.